Wayua Anawanyima Mafundi Maziwa

Kama kuna kitu kilichompandisha Wayua mori, ni kumwona mtu mzima, mwenye ndevu na kitambulisho mfukoni, akibugia maziwa baridi huku anakohoa, kisha anajifuta mdomo na kusema, "Sasa niko sawa." Hakuwa sawa. Wayua alimwona kutoka nyuma ya kaunta yake akirudi kazini na kikohozi kile kile alichokuja nacho. Na kilichomkera zaidi ni kwamba maziwa yenyewe alikuwa ameyauza yeye.

Duka lake lilikuwa mtaani Mwihoko, limebanwa kati ya kinyozi na kibanda cha kuchomelea vyuma. Upande huu palikuwa na mashine ya maziwa, ile ambayo watu huita ATM, na foleni ya akina mama wenye chupa na vikebe. Upande ule gredi, mashine ya kukatia vyuma, ililia kutwa nzima, nyundo ziligonga, na mwanga wa bluu ukapenya kwenye matundu ya misumari. Kilichotenganisha pande hizo mbili ni ukuta wa mabati tu. Mumewe, Githae, alikuwa fundi upande wa gredi. Wayua alizoea kuwaambia wateja kwamba ndoa yake ina mabati katikati, siku zile ambazo bado alikuwa na hamu ya utani.

Yeye ni mzaliwa wa Gatuanyaga, kule kwenye vumbi mashariki ya Thika, na maziwa aliyajua kabla ya kujua kalamu. Githae alimkuta huko huko. Alikuwa ameletwa kuchomelea madirisha ya kanisa, kazi ambayo fundi mwingine angeimaliza haraka akaenda zake, lakini kila asubuhi Githae aligundua dirisha jingine ambalo eti halijakaa vizuri. Mama yake Wayua akauliza kwa sauti, ili asikike hadi barabarani, kama huyo fundi anajenga kanisa au anajenga nyumba yake. Alikuwa mwanamume mwenye kifua. Alibeba fremu ya mlango begani peke yake huku akiimba sauti ya nne ya kwaya, na pumzi ikatosha kwa yote mawili. Wayua alimpenda kwa hilo, na hajawahi kuona haya kulisema.

Walipohamia Mwihoko, Githae akaajiriwa na Ndung'u, mzee mwenye kibanda, na hapo ndipo Wayua alipoijua ile dini ndogo ya mafundi wa vyuma. Fundi mpya akifika kwa Ndung'u alionyeshwa swichi ya stima, kisha akaonyeshwa duka la maziwa. Basi, masomo yamekwisha. Chuma cheusi hakikuwasumbua sana. Lakini zile paipu nyeupe zilizopakwa zinki zisishike kutu, ambazo kila mwenye plot ya kujenga anazitaka kwa geti na kwa stendi ya tangi, zikipigwa moto hutoa moshi mweupe mzito, na mdomoni unabaki utamu wa ajabu kana kwamba mtu amelamba sarafu. Ule utamu ukiwafika, mafundi waliweka vyuma chini, wakavuka ukuta, wakanywa.

"Moshi ni sumu," Ndung'u alipenda kufundisha, kidole juu. "Na sumu inaoshwa na maziwa. Mimi niko kwa hii kazi tangu nikiwa kijana, na si mnaniona?"

Walimwona. Mzee wa watu alikuwa anapumzika mara kadhaa kati ya kibanda na choo cha plot, lakini hilo hakuna aliyelihesabu.

Mwanzoni Wayua naye hakuona ubaya. Mama yake aliwahi kumwokoa mbwa aliyekula sumu kwa kumnywesha maziwa, na isitoshe, mafundi ni wateja wazuri, hawaombi kuonjeshwa. Kilichoanza kumtia wasiwasi ni Jumatatu.

Jumapili Githae alikuwa mzima, anakwenda kanisani, anakula, anacheza na binti yao Lynn. Jumatatu anachomelea paipu zake. Jumatatu jioni anaingia nyumbani akitetemeka, meno yanagongana, analala chini ya blanketi mbili na bado analia baridi, kisha jasho linamtoka hadi godoro linaloa. Jumatano yuko kazini, anajipiga kifua kwamba yeye mwili wake ni wa chuma. Wiki inayofuata, vivyo hivyo. Wa kemisti, muuza dawa wa mtaani, alisema ni malaria, akampa dawa. Kisha akasema ni taifodi, akampa dawa nyingine. Kisha akasema ni malaria sugu. Wayua akamuuliza huyo mbu ni wa namna gani, anayemngoja Githae kila Jumatatu na kuwaacha wengine wote chumbani, na wa kemisti akamwambia asimfundishe kazi. Mama mkwe alisema ni muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe ya Wakamba, unaompa mwanawe gesi. Majirani walisema la kwao vilevile, kwa kunong'ona: mtu anayeugua kila Jumatatu, Jumapili alikuwa wapi? Hilo lilimuuma Wayua kuliko yote, kwa sababu Githae hanywi pombe, hata soda yenyewe humwasha koo.

Mwishowe alichoka. Alifunga duka, akamshika mumewe mkono kama mtoto anayepelekwa chanjo, wakaenda Ruiru kwenye zahanati moja aliyoelekezwa. Daktari alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, jina lake Aketch. Kabla ya kugusa kipimo chochote aliuliza swali ambalo tangu malaria hiyo ianze hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Welding."

"Na Krismasi ulikuwa wapi?"

"Ushago kwa kina mke wangu. Gatuanyaga."

"Uliugua huko?"

Githae alifikiri. Alikuwa amekula mbuzi, amelala mchana, amebishana na mashemeji kuhusu siasa. Hapana, hakuugua hata siku moja.

Aketch akatikisa kichwa polepole kama aliyepata alichokitafuta, kisha akawaeleza. Ile haikuwa malaria. Ni homa ya moshi wa chuma, hasa ule wa zinki. Wiki ikiwa katikati mwili unajikaza, unazoea kidogo. Mtu akipumzika mwisho wa wiki, mwili unasahau, na Jumatatu unashtuka upya. Akampa Githae kifaa apulize kwa nguvu, akasoma, akampa tena, na hakupendezwa na alichokisoma.

"Hii homa yenyewe si mbaya sana," akasema. "Inakuja inaenda. Kibaya ni ule moshi wenyewe ukiwa mwingi, kwa chumba kimefungwa. Hiyo inachoma mapafu, na mapafu yakishaungua sina sindano ya kuyarudisha. Fanyeni kazi nje, kwa hewa. Vaa maski ya ukweli, si kitambaa."

"Na maziwa?" Wayua aliuliza. "Wanasema maziwa yanaosha."

Daktari alitabasamu kidogo, si kwa dharau. "Mama, maziwa yanaenda tumboni. Moshi unaenda kwa mapafu. Hizo ni njia mbili, hazikutani."

Wayua alitoka pale akijiona amepewa ufunguo. Kumbe ni jambo rahisi hivyo! Njia mbili, hazikutani. Hata Lynn angelielewa. Alimgeukia mumewe ili wafurahi pamoja, akamkuta amekunja uso.

"Huyo ni mtoto tu," Githae akasema. "Amewahi kushika elektrodi ya kuchomelea, yeye?"

"Baba Lynn. Ni lazima ashike elektrodi ndio ajue mapafu yako yako wapi?"

"Ndung'u ameshika."

"Ndung'u hawezi kufika choo bila kupumzika!"

"Ni uzee huo."

Tangu siku hiyo maisha ya Wayua yakawa ni mabishano. Alikwenda Thika akanunua maski nzuri ya mpira, yenye vichujio viwili shavuni. Githae aliivaa asubuhi moja, akaivua, akasema ndani yake hapumui. Akaitundika msumarini mlangoni, ambapo wateja waliiona na kusifu kwamba kibanda hiki kinafuata sheria. Wayua alimwendea Ndung'u akamsihi afanye kazi za zinki pale nje, au basi atoe hata bati moja la nyuma moshi upate pa kutokea. Ndung'u akamkumbusha kwamba mabati yenyewe aliyapiga kwa sababu wapangaji wa ghorofa ya mbele walilalamika mwanga unaharibu macho ya watoto wao, na kwamba bati likitoka, mashine nazo zitatoka, usiku, kwa miguu ya watu. "Ama utalala hapa ukinichungia, Mama Lynn?" Wote wakacheka. Githae naye akacheka, na katikati ya kicheko kikohozi kikamshika, akainama akashika magoti. Kisha akatoka, akaja dirishani kwa Wayua, akanyoosha kikombe.

Hapo ndipo Wayua alipopasuka.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna nini?"

"Maziwa. Hakuna ya fundi wa welding. Wewe, Ndung'u, Kimeu, wote. Nauzia watoto, nauzia wazee, nauzia paka akikuja na kikombe chake. Nyinyi sitawauzia tena."

Githae alidhani ni mzaha. Alinyoosha kikombe tena. Wayua akaushusha mfuniko wa kaunta, karibu amkate vidole.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya vichekesho, kwa mtu mwenye moyo wa kucheka. Mafundi walijaribu kununua kwa kumtuma kinyozi, na Wayua akamuuliza kinyozi tangu lini ananyoa na maziwa. Walikuja kwa ujumbe rasmi, Ndung'u mbele amevaa koti, wakitaka kujua wamemkosea nini. Kimeu, jamaa mkubwa mwenye ndevu ambaye kwao na kwa kina Wayua ni mwendo wa dakika chache tu kule Gatuanyaga, alijaribu undugu.

"Dada, hata sisi watu wa nyumbani?"

"Nyinyi hasa!" Wayua akamjibu. "Kimeu, wewe umechunga ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe, na maziwa yote yale aliyobeba, mkimfungia hapo ndani na huo moshi hatakohoa?"

Kimeu akakuna ndevu. Lilimwingia, Wayua aliona wazi kwamba lilimwingia. Lakini Ndung'u akasema ng'ombe hanywi maziwa yake, ndiyo maana, na mafundi wote wakapumua kwa raha kama watu waliookolewa na wakili. Kesho yake wakaanza kununua ya pakiti kwenye duka la ng'ambo ya barabara.

Nyumbani Githae alinuna. Alisema amefanywa kichekesho cha Mwihoko nzima, mwanamume anayenyimwa maziwa na mke wake mwenye maziwa. Wayua akamwambia afadhali kichekesho kinachopumua. Siku hizo Githae alikuwa ameacha kwaya, akidai nyimbo za siku hizi zimekuwa ndefu mno. Wayua alizijua nyimbo hizo. Zilikuwa zile zile, na kila alipomsikia akivuta hewa kati ya tonge na tonge, hasira yake iligeuka hofu, na hofu ikageuka hasira tena, kwa sababu hofu haina pa kupigia kelele.

Kisha likaja boza la Nzioki.

Mwihoko maji ya mfereji ni kama mgeni wa heshima, huja akipenda, kwa hiyo mwenye boza, lile lori la tangi la maji, huko ni mtu wa kuamkiwa kwanza. Boza la Nzioki lilikuwa limetoboka kwenye mshono wa chini, linachuruzika njia nzima hadi likifika kwa mteja limebaki nusu. Walilichomelea kwa nje likakataa. Ndung'u akaamua lichomelewe kwa ndani. Ndani kote kumepakwa zinki, ili maji yasilete kutu, na mlango wake ni tundu moja juu, la kutosha mabega ya mtu asiyenenepa. Kimeu hakupenyeka. Githae alipenyeka.

Ni Kimeu aliyekuja kumwambia Wayua, akijifanya amekuja kuomba chenji. "Dada, mimi sipendi hiyo kitu," akanong'ona. "Huko ndani ni kama chungu."

Wayua alimwacha mteja na chupa yake chini ya bomba, akatoka mbio. Githae alikuwa amekaa juu ya boza, miguu imeshaingia tunduni, kitambaa shingoni, ametiwa moyo na watu. Nzioki alikuwa chini anaangalia simu na kusema wateja wanamngoja.

"Baba Lynn, shuka."

"Rudi dukani."

"Daktari alikuambia nini? Chumba kimefungwa. Hii si chumba, hii ni kaburi ya chuma. Shuka, nakuomba."

"Ni kazi kidogo tu. Naingia, natoka, nakunywa maziwa, kwisha."

Alisema hivyo akimtazama machoni, mbele ya watu wote. Kisha akazama ndani.

Wayua aliwapita watu. Alirudi dukani. Mita ya stima ya kibanda na ya duka ilikuwa moja, ukutani kwake, kwa sababu mwenye plot alikuwa bahili. Aliishika swichi kubwa akaivuta chini. Gredi ikanyamaza, redio ya kinyozi ikanyamaza, mashine ya maziwa ikazima taa zake. Baada ya muda kichwa cha Githae kikachomoza tunduni.

"Washa stima!"

"Siwashi!"

"Wayua!" Hakuwa akimwita jina lake mbele za watu. Siku zote alikuwa Mama Lynn. "Washa stima, unaniaibisha!"

"Aibika! Aibika ukiwa mzima, tutaishi nayo!"

Watu walikuwa wameshajaa. Mwingine akasema wanawake wa siku hizi. Mama mmoja wa foleni ya maziwa akasema hata yeye angezima. Wayua alimwambia Ndung'u walikate boza kwa juu hewa iingie, kisha walizibe baadaye, na Ndung'u kwa mara ya kwanza akaonekana kulifikiria jambo hilo. Lakini Nzioki akasema boza lake halikatwi na mtu. Akapiga simu, na kabla watu hawajatawanyika ikaja pikapu na jenereta nyuma.

Wayua hakuwa na swichi ya jenereta.

Alisimama kando ya boza akausikia umeme ukinguruma ndani. Moshi ulianza kutoka tunduni, mweupe, mzito, unapanda taratibu. Alipiga ubavu wa boza kwa kiganja. Ndani Githae akajibu kwa nyundo: ko, ko. Akapiga tena. Ko, ko. Alimtukana kwa Kikamba na kwa Kiswahili, akamwombea kwa lugha zote mbili, na kila mara akapiga bati, na kila mara nyundo ikajibu, kwa kuchelewa zaidi na zaidi, hadi akaanza kulia bila kujificha. Kisha mikono miwili ikashika ukingo wa tundu. Kimeu akamvuta nje. Githae alikuwa na rangi ya majivu, macho mekundu, anatabasamu.

"Umeona?" akamwambia mkewe.

Watu wakapiga makofi. Ndung'u akampa pakiti ya maziwa, ameshaikata pembe kwa meno. Githae aliinywa yote bila kupumzika, akimtazama Wayua juu ya pakiti. Nzioki akajaza boza maji, na halikuvuja hata tone.

Jioni ile homa ilikuja. Githae akafurahi, kwani ilikuwa Alhamisi, na kama homa ya yule daktari ni ya Jumatatu basi ona sasa imekosea siku. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake marefu ya mwisho. Asubuhi aliinama afunge kamba za viatu, na hakuweza kumaliza kiatu cha pili. Aliinua uso, mdomo wazi, anavuta hewa isiyoingia, na kucha zake zikawa zambarau. Wayua alimpakia kwenye pikipiki katikati yake na dereva hadi Ruiru, na kutoka Ruiru ambulensi ikawapeleka Thika, mpira wa oksijeni puani.

Githae alikaa wodini hadi Lynn akaacha kuuliza atarudi lini. Daktari wa huko alisema mambo yale yale aliyosema Aketch, ila sasa alisema kwa wakati uliopita. Mapafu yaliungua. Yaliyobaki ndiyo hayo, atunze hayo. Kazi ya vyuma, hapana. Ngazi, hapana. Githae alisikiliza akitazama dari. Siku moja alimshika Wayua mkono, akaondoa mpira wa hewa, akasema kwa vipande vipande, akipumzika baada ya kila neno, kwamba mkewe alikuwa amesema kweli. Kisha akasema, "Nitawaambia. Mwenyewe."

Wayua aliyashika maneno hayo kuliko dawa zote. Aliwajua mafundi. Yeye walimwona mwanamke mkali mwenye kisirani. Aketch walimwona mtoto. Lakini Githae ni wa kwao, ameshika elektrodi, ameingia bozani akatoka. Yeye wangemsikia. Kama kuna kitu kingetoka katika balaa hili, basi ni hicho.

Githae alipotoka hospitalini, Wayua alimwekea kiti cha plastiki mbele ya duka, kwa sababu hakuthubutu kumwacha nyumbani peke yake. Alikaa hapo, bega limeinuka, shingo imeingia, akifanya kazi moja tu kutwa nzima, kuvuta hewa. Hata salamu alizipa kwa mkono.

Boza la pili lilikuja mwezi huo huo. Sifa ya ile kazi ilikuwa imesambaa hadi Githurai. Hili lilikuwa kubwa zaidi, na tundu lake lilimtosha hata Kimeu. Wayua alimwambia asiingie. Alimwambia kwa ukali, alimwambia kwa upole, alimwambia kwa jina la mama yake aliyeko Gatuanyaga. Kimeu alisikitika kweli. Lakini kazi ya Githae sasa ilikuwa yake, na alisema amejifunza kutokana na yaliyotokea.

"Githae alikunywa akishatoka, dada. Mimi nitakunywa kabla niingie."

Wayua alitaka kumpiga na kikebe. Kibanda sasa kilikuwa na mita yake, Ndung'u aliiwekesha mara tu baada ya ile siku, na hapakuwa na cha kuzima. Alimgeukia mumewe kwenye kiti.

"Baba Lynn. Wako hapa wote. Waambie."

Mafundi walikusanyika. Ndung'u alivua kofia. Walimheshimu Githae sana siku hizo, mtu aliyepona boza, na walimletea pakiti ya maziwa kila siku kutoka ng'ambo ya barabara, kwa mapenzi ya kweli, na hilo ndilo lililomvunja Wayua nguvu, kwamba yalikuwa mapenzi ya kweli. Walinyamaza wamsikie. Hata gredi ilizimwa.

Githae alijiinua kidogo kwenye kiti. Alimtazama Kimeu. Alivuta hewa, akaikusanya, Wayua akiivuta pamoja naye.

"Kimeu," akasema. "Usi—"

Kikohozi kikamkamata. Kilimtikisa kiti na miguu ya kiti, machozi yakamtoka. Alipata hewa, akajaribu tena, "Usi—," na kikohozi kikamrudia. Wakangoja kwa adabu. Wayua akasema, "Anataka kusema usiingie!" Ndung'u akamtuliza kwa kiganja. "Mama Lynn, mwache mgonjwa, usimlazimishe." Akapiga goti kando ya kiti, akakata pembe ya pakiti kwa meno, akakitegemeza kichwa cha Githae kama mtu anayemlisha mtoto wake.

"Pole pole. Kunywa kwanza. Utaongea baadaye."

Githae alitikisa kichwa kukataa, lakini kukataa nako kunataka pumzi. Maziwa yakamwingia mdomoni. Alimeza, kwa kuwa la sivyo yangempalia. Alimeza tena. Mikono yake ikalegea mapajani, na macho yake yakamtafuta Wayua, na kikohozi, kwa kukosa nguvu ya kuendelea, kikatulia.

"Si unaona?" Ndung'u akamwambia Kimeu, akiinuka na kupangusa goti. "Yamemsaidia."

Kimeu aliona. Akainywa yake yote, akavaa glavu, akapanda boza.